Pete inayokaidi moto

Msimu wa mwaka 1988 timu ya McLaren ilishinda mbio 15 kati ya 16 za Formula 1. Mbio pekee zilizoiponyoka zilikuwa za Monza, ambako Ferrari walishika nafasi ya kwanza na ya pili, na mashabiki wa Italia wakasema huo ni mkono wa mzee Enzo Ferrari aliyekuwa amefariki mwezi uliotangulia. Kwingine kote ilikuwa ni Ayrton Senna au Alain Prost. Magazeti yaliwasifu madereva, yakaisifu injini ya Honda yenye silinda sita. Waliouliza tangi lilibeba nini walikuwa wachache, na jibu lilitolewa na wahandisi wa Honda wenyewe mwaka uliofuata: asilimia 84 tolueni, asilimia 16 heptani.

Tolueni ni ile harufu kali ya thina ya rangi. Imo pia ndani ya petroli tunayonunua vituoni, ila humo ni mmoja tu katika msafara wa mamia ya kemikali. Honda waliipa karibu tangi zima kwa hesabu ya wazi. Kanuni za msimu ule ziliruhusu gari la tabo lianze mbio na lita 150 tu, na tolueni ni nzito: lita moja ina karibu gramu 870, wakati petroli ya kawaida huwa na 750 hivi. Anayepimiwa kwa lita hutafuta mafuta mazito. Hilo la kwanza. La pili ndilo kubwa zaidi: tolueni haijiwashi ovyo inapobanwa. Tabo iliingiza hewa kwenye silinda kwa shinikizo la mara mbili na nusu ya hewa ya kawaida, kisha pistoni ikaibana tena zaidi ya mara tisa, na bado mafuta yakasubiri cheche ya plagi. Heptani, ambayo hujiwasha kwa urahisi mno, iliongezwa kwa sababu kanuni hazikuruhusu okteni, yaani kipimo cha uvumilivu huo, kupita 102, na tolueni tupu ingeuruka mpaka huo.

Fundi wa Gerezani au wa barabara ya Kirinyaga hahitaji kuelezwa injini inayogonga inaliaje. Cheche inapowasha mchanganyiko, mwali husafiri kutoka kwenye plagi kuelekea pembezoni mwa silinda. Mafuta yaliyoko pembezoni yanabanwa na kupashwa joto wakati yanasubiri zamu yake. Yakishindwa kusubiri, yanalipuka yenyewe, yote kwa mpigo, na ule mlio wa chuma kugongwa ni mlipuko huo ukipiga kuta za silinda. Ukiendelea, pistoni inatoboka. Harry Ricardo wa Uingereza alilijua tatizo hili vizuri mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alijenga injini ambayo mgandamizo wake ungeweza kubadilishwa ikiwa inazunguka, akapima mafuta moja baada ya jingine, na kipimo chake cha ubora kilikuwa tolueni. Namba za okteni zilikuja baadaye, mwaka 1927, kwa pendekezo la Mmarekani Graham Edgar.

Kwa hiyo watu wa injini wamejua kwa karne nzima kwamba tolueni inavumilia. Kwa nini inavumilia, hatua kwa hatua, atomi kwa atomi, ndani ya shinikizo lilelile la silinda: hilo limechelewa sana kujibiwa, na jibu lake halijakamilika.

Tolueni ni pete yenye tawi. Pete yenyewe ni benzini, ambayo Michael Faraday aliitenga mjini London mwaka 1825 kutoka kwenye mabaki ya mafuta ya gesi ya kuwashia taa. Umbo lake liliwasumbua wanakemia kwa miaka 40, mpaka August Kekulé alipopendekeza mwaka 1865 kwamba atomi sita za kaboni zimeshikana duara. Mwaka 1890, kwenye sherehe ya kumuenzi, Kekulé alisimulia kwamba wazo lile lilimjia akisinzia mbele ya moto, akaona nyoka ameuma mkia wake mwenyewe. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka ndoto hiyo, nami nimesimama nao. Ndoto inayosimuliwa robo karne baadaye mbele ya wageni waalikwa ni hadithi tamu ya karamuni. Uthibitisho usio na ndoto ulitoka Leeds mwaka 1929, pale Kathleen Lonsdale alipopiga eksirei fuwele za jamaa mmoja wa benzini na kuonyesha kwamba pete ni bapa na pande zake sita zinalingana.

Kulingana huko ndiko kunakoleta ukaidi. Elektroni zinazopaswa kukaa kati ya kaboni hii na ile zimesambaa pete nzima, na matokeo yake hakuna upande ulio dhaifu. Kung'oa atomi moja ya hidrojeni kutoka kwenye pete ya benzini kunahitaji karibu kilojuli 470 kwa moli. Kwenye tawi la tolueni inatosha takriban 375. Kwa hiyo moto hauanzi na pete. Unaanza na tawi: radikali moja, yaani kipande cha molekuli chenye njaa ya kuungana, tuseme ya hidrojeni au ile ya oksijeni na hidrojeni iitwayo haidroksili, inapita na kunyakua hidrojeni ya tawini, na kinachobaki huitwa benzili.

Hapa ndipo tolueni na heptani zinapoachana. Heptani ikinyang'anywa hidrojeni, mabaki yake hudaka oksijeni, hujikunja, hujipangua, na mwishowe hutema radikali nyingi kuliko zilizoingia. Moja inazaa mbili, mbili zinazaa nne, na mafuta yanajiwasha kabla cheche haijafika. Benzili haina haraka hiyo. Elektroni yake ya ziada imepata makao kwenye pete, hivyo inaikamata oksijeni kwa ulegevu na kuiachia tena. Kwa joto la wastani tolueni inafanya kazi ya kumeza radikali tu, zikiwemo zile ambazo heptani jirani yake ingezitumia kujilipua. Mchanganyiko wa Honda, kwa lugha ya kemia, ulikuwa mwasi mmoja aliyezungukwa na walinzi watano.

Joto likipanda sana, pete nayo inaachia, lakini kwa utaratibu wake. Katika Chuo Kikuu cha Princeton, Irvin Glassman na Kenneth Brezinsky walitumia miaka ya 1980 kuufuatilia utaratibu huo kwa kupitisha benzini na tolueni kwenye bomba refu la joto na kuchota sampuli njiani. Waliona tawi likigeuka kuwa benzaldehaidi, kisha likidondoka. Pete iliyobaki uchi inashika atomi ya oksijeni, halafu inatoa kaboni moja katika umbo la kaboni monoksidi, na pete ya sita inakuwa pete ya tano. Ile ya tano nayo inavunjika baadaye. Mwaka 1992, wakiwa na mwenzao Emdee, walichapisha modeli ya mwako wa tolueni kwenye joto la karibu Kelvin 1,200, yaani zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi. Modeli hiyo ikawa mama wa nyingine nyingi. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa pia imepimwa kwenye atmosfia moja, shinikizo lilelile la hewa ya ufukweni Mombasa.

Modeli ya aina hii ni orodha ndefu ya mimenyuko, yenye mistari zaidi ya mia moja kwa tolueni ya wakati ule, na zaidi ya elfu kwa petroli kamili siku hizi. Kila mstari unasema nani anakutana na nani, wanatoka na nini, na kwa kasi gani. Kasi hiyo inaandikwa kwa namba tatu tu, kwa mtindo unaotokana na kanuni ya Msweden Svante Arrhenius ya mwaka 1889: mara ngapi wanagongana, joto linawasukumaje, na kizingiti cha nishati wanachopaswa kukivuka kina kimo gani. Programu iitwayo CHEMKIN, iliyotoka katika maabara za Sandia nchini Marekani mwaka 1980, huchukua orodha hiyo na kuigeuza kuwa milinganyo, kisha kompyuta hutembea hatua ndogondogo za muda ikihesabu kila kemikali imebaki kiasi gani. Ugumu wake ni kwamba baadhi ya radikali haziishi hata sehemu ya milioni ya sekunde, ilhali mafuta yenyewe yanachukua maelfu ya muda huo kwisha, na kompyuta inalazimika kuwahudumia wote wawili.

Mtu anayezijua hesabu atauliza mara moja: ukiwa na namba mia tatu za kuchezea, utashindwaje kuilinganisha modeli yako na jaribio lolote? Swali ni la haki. Namba nyingi kati ya hizo hazikupimwa moja moja, zilikadiriwa kwa kufananisha na mmenyuko wa jamaa wa karibu. Modeli iliyorekebishwa mpaka ikalingana na majaribio ya atmosfia moja imethibitisha kwamba inajua atmosfia moja, basi. Ndani ya silinda ya dizeli au chumba cha moto cha injini ya ndege kubwa, shinikizo ni makumi ya atmosfia, na pengine zaidi ya mia.

Na shinikizo halifanyi kazi ya kuharakisha tu. Linabadilisha nani anashinda. Molekuli mbili zinapogongana na kutaka kuungana, zinabeba nishati ya ziada ambayo itazitenganisha tena papo hapo, isipokuwa wa tatu apite na kuichukua. Fikiria watu wawili wanaokumbana kwenye mtaa mtupu: kila mmoja anarudi nyuma na kwenda zake. Wakumbane Kariakoo mkesha wa Idi, na umati utawabana palepale hadi washikane. Frederick Lindemann alilieleza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1920, na nadharia zilizofuata zimelipa hesabu kamili.

Mfano unaoamua mengi ni atomi ya hidrojeni inapokutana na oksijeni. Njia ya kwanza, inagawanya oksijeni na kutoa radikali mbili kali, moto unapamba. Njia ya pili, inajishikiza kwenye oksijeni kwa msaada wa yule wa tatu na kuwa haidropaoksili, radikali goigoi. Kwenye hewa nyepesi na joto kali njia ya kwanza inatawala. Panda hadi atmosfia 50 na wa tatu wamejaa kila kona, hivyo njia ya pili inakua. Sasa benzili, iliyokuwa haina wa kuzungumza naye, inazungukwa na haidropaoksili, na mkutano wao unakuwa mlango mkuu wa mwako wa tolueni. Benzili nazo zinakutana zenyewe kwa zenyewe na kuungana mbili mbili. Mistari ambayo kwenye modeli ya Princeton ilikuwa ya pembeni inahamia katikati, na kosa dogo lililokuwa limejificha ndani yake linakuwa kosa la modeli nzima.

Brezinsky mwenyewe ndiye aliyekwenda kuitafuta shida hiyo. Alihamia Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, na huko yeye na Robert Tranter wakajenga mrija wa wimbi la mshtuko uliokusudiwa kufika hadi karibu atmosfia 1,000. Kifaa cha aina hii kilibuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1899. Yeye alikuwa mtu wa baruti. Ni bomba nene la chuma lililogawanywa na kiwambo cha metali. Upande mmoja unajazwa heliamu kwa nguvu. Upande wa pili unawekwa argoni yenye chembe kidogo sana za tolueni na oksijeni, kidogo kiasi kwamba mwako wake hauwezi kubadilisha joto la bomba. Kiwambo kinapopasuka, wimbi linakimbia kwa kasi ya kuzidi sauti, linagonga ukuta wa mwisho, linarudi, na gesi iliyoko pale ukutani inajikuta ghafla kwenye joto la Kelvin elfu moja na mia kadhaa, chini ya shinikizo la mamia ya atmosfia. Inakaa hivyo kwa muda wa milisekunde moja au mbili. Kisha gesi inatanuka, inapoa, mimenyuko inaganda ilipofika, na sampuli inachotwa kwenda kupimwa.

Risasi moja, nukta moja kwenye grafu. Kisha unafungua, unasafisha, unaweka kiwambo kipya, unajaza upya. Sijui kazi ya maabara iliyo ya kichovu kuliko hii, na nadhani ndiyo maana takwimu za shinikizo kubwa zimebaki adimu wakati modeli zinachapishwa kila kukicha.

Katikati ya miaka ya 2000, Raghu Sivaramakrishnan akiwa pamoja na Tranter na Brezinsky alichapisha majaribio hayo ya tolueni. Modeli zilizokuwa zimekubalika kwenye atmosfia moja hazikuweza kuyaeleza bila kufanyiwa marekebisho. Hilo lingeweza kuonekana kama kushindwa. Mimi naliona kuwa ndiyo faida yenyewe ya modeli: inapokosea kwenye mazingira ambayo haikuyazoea, inaonyesha mstari upi ukaguliwe. Wanaoshughulika na kazi hii huichokonoa kila namba kidogo, moja baada ya nyingine, na kuangalia jibu linatikisika kiasi gani. Katika mistari mia kadhaa, inayotikisa kwelikweli mara nyingi haifiki kumi na tano.

Mmoja wa mistari hiyo ulikuwa mwisho wa benzili. Kwa miaka mingi waandishi wa modeli waliandika kwamba benzili ikizidiwa na joto huvunjika vipande viwili au vitatu, kila mmoja akikisia vipande vyake. Mwaka 2009 Gabriel da Silva wa Melbourne na Joseph Bozzelli wa New Jersey, kwa kutumia hesabu za kwantumu, walionyesha kwamba inachofanya hasa ni kutema hidrojeni moja na kubaki fulvenalini, kemikali ambayo haikuwa na nafasi yoyote kwenye modeli za awali. Carlo Cavallotti na wenzake wa Milan walifika hapohapo kwa njia yao. Hebu fikiria: mafuta yaliyoshinda mbio mwaka 1988 yalikuwa na hatua ya msingi ambayo jina lake liliingia kwenye orodha miaka 21 baadaye.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya Chicago na Melbourne. Lakini petroli ya Afrika Mashariki ina pete hizi kwa sababu iliyopitia Nairobi. Tangu Thomas Midgley alipogundua mwaka 1921 kwamba madini ya risasi yanazuia injini kugonga, dunia ilichoma risasi barabarani kwa miongo mingi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, liliongoza kampeni ya kuiondoa. Nchi za kusini mwa Sahara ziliacha kufikia mwanzo wa 2006, Algeria ikawa ya mwisho duniani Julai 2021, na kwa makadirio ya shirika hilo hatua hii inaepusha vifo zaidi ya milioni 1.2 kwa mwaka. Ushindi mkubwa. Ila okteni iliyopotea ilibidi itoke mahali, na viwanda vingi vya kusafisha mafuta viliitafuta kwenye pete: tolueni, zaileni na ndugu zao.

Benzini inasababisha saratani ya damu, na ndiyo maana Ulaya iliiwekea ukomo wa asilimia moja ya petroli tangu mwaka 2000. Tolueni haina hukumu hiyo. Tatizo ni kwamba ndani ya moto atomi ya hidrojeni inaweza kugonga pete ya tolueni pale tawi lilipoota, tawi likaanguka, na kilichobaki ni benzini. Hivyo bomba la moshi linaweza kutoa benzini ambayo hata haikuwa kwenye tangi. Kiasi gani, kwa shinikizo gani, ni swali la modeli. Anayepima tangi peke yake hawezi kulijibu.

Kisha kuna masizi. Pete moja ikipokonywa hidrojeni hunasa asetilini, hufunga pete ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka zinakuwa vigae vinavyolaliana na kuitwa chembe. Shinikizo linaongeza kasi hiyo. Kwenye ndege masizi yana balaa jingine: chembe zake ndizo mbegu za barafu za ile michirizi myeupe angani, ambayo yenyewe inazuia joto la dunia lisitoke. Mafuta ya kawaida ya ndege yanaruhusiwa kuwa na aromatiki, yaani kemikali za pete hizi, hadi asilimia 25. Mafuta ya mimea yaliyosafishwa kwa hidrojeni karibu hayana kabisa. Mwezi Mei 2023 Kenya Airways ilirusha ndege kutoka Nairobi kwenda Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya aina hiyo kutoka Eni, kampuni ambayo mwaka mmoja kabla ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta Makueni.

Ungedhani dawa ni kuziondoa pete zote. Marubani wa majaribio hawatakubali haraka hivyo. Raba zinazoziba mabomba ya mafuta ya ndege zimezoea kuvimba kwa aromatiki. Zikikosa, zinasinyaa na kuvujisha. Kwa sababu hiyo kanuni za mchanganyiko zinadai angalau asilimia 8. Ndege ya Virgin Atlantic iliyoruka kutoka London hadi New York Novemba 2023 bila tone la mafuta ya petroli ilibeba asilimia 88 ya mafuta yenye asili ya mimea na wanyama, na asilimia 12 ya aromatiki iliyotengenezwa kiwandani kutokana na sukari ya mimea. Pete zilitolewa mlangoni zikarudishwa dirishani.

Sasa watafiti wanazipima pete za aina nyingine, sikloalkani, ambazo zinavimbisha raba kiasi na kutoa masizi machache. Machache, si sifuri. Katika moto sikloheksani hupoteza hidrojeni mbili, kisha mbili, kisha mbili tena, na inayobaki ni benzini. Hata mafuta yasiyo na pete yoyote huvunjika kuwa vipande vya kaboni tatu tatu, na viwili vikikutana mahali penye uhaba wa oksijeni hufunga duara. Ndege inapoondoka Jomo Kenyatta kwa nguvu zote, chumba chake cha moto kinaweza kufika atmosfia 40, na wepesi wa vipande hivyo kukutana kwenye shinikizo hilo ni miongoni mwa namba ambazo modeli za leo bado zinatofautiana juu yake.